Nilisema Nimetembea na Bwanake Mlimani, Sasa Nafukuzwa Besmenti

Admin, jina langu lifiche kabisa, juu hawa watu wote wako kwa hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mkenya wa bara, natunza wazee huku Maryland, Amerika. Shule sikufika mbali lakini mdomo Mungu alinipea, na ndio huo umeniponza. Nakaa besmenti, vile vyumba vya chini ya nyumba, kwa rafiki yangu Mama Salma, mtu wa Tanga, hapa Gaithersburg. Pilau yake nakula, uji wangu anakunywa, na umbea tunagawana.

Sasa Jumapili akasema twende haiking, yeye, mimi na bwanake. Baba Salma ni wa Mombasa, namjua tangu ujana, tukikaa kundi zima la Wakenya nyumba moja kule Riverdale Park. Kufika mlimani, heh! Kumbe ni kale kamsitu ketu! Zamani tukiwa off tulikuwa tunapanda huko na chapati kwa foil, tunapiga kelele kama nyani. Siku hizi wameweka ngazi za mbao, parking imejaa, mbwa zimevaa sweta, ukicheka unaangaliwa vibaya. Lakini lile jiwe letu kubwa liko palepale. Furaha ikanishika. Nikasema, "Dadangu, hapa nimetembea na bwanako mpaka nikachoka! Kila wiki!"

Akasimama. "Umetembea na nani?"

"Na Baba Salma! Mpaka hapo nyuma ya jiwe, jasho likitutoka!"

Jamani, kwetu kutembea ni miguu. Kumbe kwao Tanga ukitembea na mume wa mtu, umelala naye! Mama Salma alinirukia: "Firauni wee! Unakula kwangu, unalala kwangu, kumbe mume wangu ushamla, tena unanitangazia mbele ya wazungu!" Na mimi nikajibu, "Huyo kibogoyo wako nimtakie nini?" Hapo ndio nikaharibu zaidi.

Lakini anayenichoma roho ni Baba Salma. Yeye ni wa pwani, hilo neno analijua. Badala aseme tulikuwa kundi, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vya kutumbukiza tu mguu, havina kamba! Kurudi nyumbani akanifuata kwa ngazi, ananong'ona, "Omba msamaha tu, yaishe. Nikikutetea atasema bado nakutaka." Mwoga mkubwa yeye!

Mama Salma amesema Jumamosi nimuombe msamaha mbele ya wamama wote wa chama chetu cha kuchangiana pesa, ama nihame. Na simu ashapiga. Kuna mmoja wa College Park hata salamu hanijibu tena. Nikiomba, nimekubali nililala na huyo mwanaume. Nikikataa, nabeba masanduku niende wapi, na huku sina watu wengine ila hao hao?

Wenzangu, na hasa nyinyi wa Tanga, niambieni: mtu anaombaje msamaha kwa kupanda mlima?