Ameitwa Kwingine

Mama Chaki anafundisha darasa la pili katika shule yetu ya kanisa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mwalimu akiondoka, mkuu wa shule hutangaza kwenye sala ya asubuhi, "Mwenzetu ameitwa kwingine," kisha hufumba macho. Nani kamwita, na kwa nini? Ukiuliza utaambiwa una pepo. Walimu wanapukutika, sisi tunaitikia amina.

Jana ilikuwa zamu ya mwalimu wa sayansi. Darasani kwa Mama Chaki, mtoto mmoja akauliza amezikwa wapi.

"Hajafa, mwanangu. Yuko kwake."

"Sasa mbona hakutuaga?"

Mama Chaki, aliyemwona mlinzi akimsindikiza mwalimu huyo hadi getini, akasema, "Fumbeni macho, tusali."