Jicho Analofumba Rahabu

Efrazia, Mama Hezekia, hakuambiwa na mtu. Aliona mwenyewe, na macho yake hayana kasoro. Jumapili, nje ya kanisa pale Mgwashi, fundi Rahabu, yule mwenye makengeza anayeshona barazani mwa duka la Idrisa, alimtazama Anord, mume wa Efrazia, akafumba jicho moja taratibu, ndipo akamsalimia. Jamani, mume wa mtu anakonyezwa mchana kweupe, na mchungaji yuko palepale! Anord naye akachekelea.

Nyumbani Anord aliapa hajui lolote. Wanaume huapa. Kufika Jumatano kwaya nzima ya akina mama ilikuwa na habari, na lisemwalo lipo. Wakakubaliana vitenge vya sare, walivyokwisha kumpa Rahabu ashone, apewe fundi mwingine kule Bumbuli. Efrazia akajitolea kwenda kuvichukua, maana alitaka ushahidi.

Rahabu alimkaribisha, akamwomba asubiri amalizie pindo. Efrazia akakaa, akakodoa macho. Jicho la kulia la fundi lilikuwa kwake, la kushoto limekwenda zake mlangoni kwa Idrisa. Kumbe hata Idrisa! Rahabu akamiminia mgeni chai, ikamwagika mezani, kando kabisa ya kikombe. Mwenye hatia hutetemeka, Efrazia akawaza. Lakini mkono ule haukutetemeka. Fundi alisogeza kikombe mpaka kikagusa chupa, akamimina tena, halikudondoka hata tone.

Kisha akashika sindano. Akafumba jicho la kushoto, taratibu vilevile kama Jumapili, uzi ukapita mara moja. Akapita bibi kizee mmoja na mkongojo wake. Rahabu akamfumbia jicho bibi wa watu, ndipo akasema shikamoo.

Aibu ilimpanda Efrazia mpaka masikioni. Akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini anafumba.

Rahabu akamweleza bila kinyongo. Usichanani alianguka mtini akichuma mapichi, na tangu siku hiyo macho yake hayaelewani. Akitazama kwa yote mawili, kila kitu kinakuwa viwili, sindano mbili, vikombe viwili, asijue kipi ni cha kweli. Akifumba moja anabaki na kimoja, ila hapo hajui kiko karibu au mbali. Watu nao huwaona wawili wawili, kwa hiyo hufumba kwanza, asije akasalimia hewa.

Akainama chini ya cherehani, akatoa vitenge vya kwaya. Vilikuwa vimekunjwa na kufungwa kamba tangu jana yake. Rahabu alijua vitafuatwa, na alijua neno lilitoka kinywani mwa nani. Akaviweka mezani, na Efrazia, aliyevifuata, hakuweza kunyoosha mkono.

Rahabu akamtazama kwa macho yote mawili, kisha akafumba moja.

“Nikifumbua, Mama Hezekia, nawaona mko wawili,” alisema. “Leo acha nifumbe. Mmoja ananitosha.”