Mama mkwe anataka kuondoka bila kumuaga mjukuu wake

Admin, usinitaje jina wala mkoa ninakotoka, maana mawifi zangu wote wamo humu kwenye ukurasa wako na hawalali. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mtanzania, naishi Toronto na mume wangu na binti yetu wa miaka minne, nimwite Rehema. Tunakaa kwenye maghorofa ya barabara ya Dixon, ndege zinatupitia kichwani siku nzima. Mume wangu anafanya kazi ghalani, mimi nafanya usafi hotelini. Naandika nikiwa kwenye mapumziko, mtanivumilia nikikosea.

Tatizo langu ni mama mkwe. Kabla hamjaanza kusema "hao ndio walivyo", tulieni. Huyu wangu ni mama mzuri. Alikuja kwa viza ya matembezi baada ya baba mkwe kufariki, akatulelea mtoto. Kamfundisha kusalimia, kula mwenyewe, hata kuomba radhi, jambo ambalo baba yake hajalijua hadi leo. Rehema aliyekuwa anatujibu Kiingereza kitupu sasa anaongea Kiswahili na bibi yake, na wanalala kitanda kimoja. Jumamosi hii mama anarudi nyumbani, na yeye na mwanawe wamepanga mtoto asiambiwe. Mume wangu atampeleka kucheza kwenye theluji, wakirudi bibi hayupo.

Mnaijua hii. Sote tumelelewa hivyo, mama anakwambia anakwenda dukani kukuletea biskuti, kumbe yuko kwenye basi. Hata mimi siku ya kwanza ya Rehema chekechea nilimpa midoli, nikanyata. Mwalimu wake akanifuata mpaka kwenye korido. "Usimtoroke," akaniambia. "Muage, alie, mimi nitamshika. Ajue umeondoka na ajue utarudi." Nikasema moyoni, wazungu kwa makuu hawajambo. Lakini nilimuaga. Akalia sana, kesho yake akalia kidogo, na baadaye akawa ananipungia mkono dirishani, hana hata habari na mimi.

Sasa wiki hii Rehema ameona masanduku. Akauliza, "Bibi, unakwenda wapi?" Mama akamjibu, "Siendi popote mjukuu wangu, napanga nguo tu." Toka hapo mtoto anamfuata bibi yake mpaka mlango wa choo. Juzi nilipokwenda kumchukua, mwalimu akaniambia ameshinda kutwa na koti mwilini, hataki kulivua, hataki kucheza na wenzake. Alipoulizwa, akasema lazima awahi nyumbani, bibi asije akaenda. Nililia pale pale mbele ya watoto wa watu.

Nikamwambia mume wangu. Akanijibu, "Mama Rehema, sisi wote tulitorokwa. Tumekufa?" Nikamwambia hatujafa, lakini wewe mpaka leo nikichelewa kutoka kazini unasimama dirishani. Akanuna.

Basi nikamwendea mama mwenyewe, nikakaa chini kwa heshima zote. "Mama, naomba tumuage mtoto pamoja." Nilijua atanigombeza. Badala yake akaanza kulia. "Mwanangu, viza walininyima mara ya kwanza, na kwa umri huu sijui kama watanipa tena. Nikimuaga huyu mtoto nitakuwa namuaga kweli. Baba yenu nilimuaga hospitali. Sina nguvu ya kuaga mtu mwingine." Akashika kifua, mume wangu akakimbilia dawa zake za presha. Alipotulia, mume wangu akanigeukia: "Mtoto akiambiwa, na mama akaanguka, ni juu yako."

Ndugu zangu, yule mama namwonea huruma mpaka chakula hakipiti. Amepoteza mume, na huyu mtoto ndiye aliyemrudishia kicheko. Lakini nikinyamaza, Rehema atamtafuta bibi yake mpaka chini ya kitanda, na baada ya hapo nikimwambia "mama anarudi" ataniamini kwa lipi? Hasira zinanipanda kwa mume wangu, halafu namwangalia mama anavyokunja khanga zake kimyakimya, hasira zinaisha, nabaki na uchungu tu.

Leo asubuhi nikimvalisha viatu, hakumuuliza tena bibi yake. Ameniuliza mimi. "Mama, Bibi anaondoka?" Nikamwambia tutachelewa basi. Leo ni Alhamisi. Jioni nikimchukua ataniuliza tena, namjua mwanangu, na safari hii hakuna basi la kusingizia. Mnitukane baadaye jamani, sasa hivi nishaurini tu: nimjibu nini, kabla zamu yangu haijaisha?