Shingo ya Usukani na Mapapai ya Miasenyi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, nikisubiri kupangiwa shule ya kufundisha, na duka moja la baiskeli pale Voi lilitaka karani. Fundi Mkuu, Mwislamu wa Taveta aliyesema Kiswahili cha pwani, aliitazama tai ile, kisha akanisogezea debe la mafuta ya taa lililojaa gololi chafu.

"Itie ndani ya shati, bwana mwanahistoria. Isije ikanaswa na mnyororo."

Shule ilipopatikana, nilikuwa nimeshanogewa.

Kilichoninogea ni kuchagua shingo za usukani. Siku hizo baiskeli kuukuu za mbio zilitufikia vipandevipande, fremu ya Mwingereza na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ya Mfaransa. Shingo ni kile chuma chenye umbo la saba: mguu wake huzama ndani ya bomba la foku na kukazwa kwa bolti ndefu inayovuta kabari, mkono wake hushika usukani. Shingo ya Kiingereza haiingii kwenye foku ya Kifaransa. Imezidi kwa unene wa karatasi tu, na ole wako uilazimishe kwa nyundo. Urefu wa mkono tulipima kwa kiwiko: mwenye baiskeli anaweka kiwiko kwenye ncha ya kiti, ananyoosha vidole, nasi tunaangalia vimebakisha kiasi gani kuufikia usukani. Watu wa milimani, wanaoteremka kutoka Wundanyi, walitaka shingo fupi iliyo juu. Wa tambarare za Marungu walitaka ndefu ya chini, wapite chini ya upepo.

Kwenye mguu wa shingo kuna mstari uliochongwa, nao lazima uzame usionekane. Ukiinua shingo mpaka ukauona, chuma kimeshikwa kidogo mno. Siku moja utabaki na usukani mkononi kama mtu aliyebeba pembe za kondoo.

Mwaka mmoja katika miaka ya sabini yalitangazwa mashindano ya Voi hadi Miasenyi na kurudi. Wawili wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Mteja wetu Mwadime, kijana aliyeoa juzijuzi, alikuwa na miguu ya kutosha kuingia. Alikuja na mkewe, Mghoi, aliyeketi kwenye benchi mlangoni.

"Fundi, niinulie shingo."

"Nikiinua, mstari utaonekana."

"Kidogo tu, mzee wangu. Pale Miasenyi tunapozunguka pipa kuanza kurudi ndipo mama mkwe anapouza mapapai. Nitapitaje mbele yake nimeinama, makalio juu, na kikaptura?"

Meneja, aliyeletwa kutoka Nairobi, alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Shuka umsalimie," nikamshauri, kwa hekima yote ya chuo kikuu.

"Nikishuka, wenzangu watakuwa wamerudi hadi Maungu."

Fundi Mkuu alifuta spana taratibu. "Nikiinua, itakatika kwenye upepo ule. Hapo hutainama mbele ya mkweo, mwanangu. Utalala."

Mwadime aliichukua shingo ndefu ya chini, akaondoka kama mtu aliyeuziwa jeneza. Mghoi alijifunga leso yake akamfuata.

Siku ya mashindano niliwekwa kwenye pipa, na pampu na spana zangu. Upepo ulivuma kutoka baharini, usoni mwa waendeshaji. Akina mama wa mapapai walikuwa wamejipanga kando ya lami. Vichwa vilipoanza kuonekana kwa mbali, mama mkwe wa Mwadime akasema, "Haya, jamani."

Wote wakageuka. Mstari mzima wa wanawake ukaipa barabara mgongo, ukatazama mlima wa Kasigau kana kwamba ndio unaoshindana. Mghoi peke yake, kati yao, alibaki akitazama lami.

"Amepita?"

"Bado, mama."

Mwadime akatokea. Aliziona leso za ile migongo. Nilimwona akiziona. Akainama zaidi, kidevu kikakaribia kugusa ile shingo, akalizunguka pipa akaenda zake.

"Amepita?"

"Amepita."

Wakageuka tena, wakapanga mapapai. Mimi nilisahau pampu mkononi. Mama mkwe akaniuliza, "Wa ngapi?"

"Wa tatu, mama."

"Kurudi atakuwa na upepo mgongoni," alisema, akanichagulia papai lililoiva. "Mpelekee. Usimwambie limetoka kwangu."

Alifika Voi wa pili. Papai alilipokea kwa mikono miwili na hakuniuliza nimelinunua wapi.

Baadaye nilipelekwa tawi la Taveta, kisha nikarudi Voi, hadi duka lilipofungwa nami nikastaafu, kitambi changu kikiwahi kufika usukani kabla ya vidole. Vijana wachache bado huniletea baiskeli kuukuu, wakiuliza shingo gani itafaa. Naanza kwa kiwiko, kama nilivyofundishwa. Kisha nauliza: hiyo njia yako inapita mbele ya nyumba ya nani?