Jumamosi Niliyomnyima Solange Maji

Mwezi wa kumi, mitaa ya Kamalondo ilinuka vumbi la moto na samaki wakavu wa Kasenga, na kwa mtu aliyefunga kula, harufu ile ilikuwa mateso. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimetoka tu kuchaguliwa prezida wa kwaya ya watoto kanisani kwetu. Kaka zangu walinitania, wakiniita Mama Prezida hata nilipotumwa kununua makaa. Kichwa kilinivimba kwelikweli. Niliamini kiongozi wa Mungu ni yule anayesema neno moja, watu wote wakanyamaza. Wahenga walisema cheo ni dhamana, lakini nani angemweleza hayo mtoto wa umri ule akaelewa?

Solange, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka minane na ugonjwa wa damu, ule tunaouita SS, unaouma mifupa hasa mwili ukikosa maji. Kila Jumamosi mama yake alimleta mazoezini na chupa ya maji, akaniambia: « Prezida, umuchunge muzuri. Akunywe mayi kila mara. » Niliitikia. Mtoto yule alinitia huruma, na ni katika huruma hiyo nilitoa amri: Jumamosi moja, mwalimu wetu akiwa safarini, kwaya nzima tufunge kama wakubwa wanavyofunga, bila chakula wala maji, ili Solange apone. Naye alitaka kufunga, maana maombi yalikuwa yake.

Saa sita midomo ilikuwa imemkauka. Akaniomba kama dada yake mkubwa: « Yaya, nikunywe kidogo tu? » Wote wakanitazama. Niliogopa kwamba nikilegea watanidharau. « Vumilia. Ukikunywa, maombi yetu yote itakatika. » Akairudisha chupa chini ya benchi, akaendelea kuimba. Saa tisa alianza kulia, akishika miguu, kisha kifua. Nilimpa maji, hakuweza kuyameza. Hospitalini mama yake alimuuliza kama alikunywa, naye akaitikia kwa kichwa, akinitazama mimi. Niliomba mpaka sauti ikaisha, nikamwahidi Mungu cheo changu na chochote alichotaka. Jumatatu Solange akafariki. Wenzangu walinyamaza, kwa sababu nami nilinyamaza.

Leo naongoza akina mama kanisani na kufundisha vijana uongozi wa Kikristo. Nawaambia kiongozi ni mtumishi. Kabla ya kutangaza mfungo nauliza nani mgonjwa, nani mjamzito, nani anatumia dawa, na watu wanasifu busara yangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini kwangu kilio kilikwisha kusikika, na bado nimeficha. Naona haya, na haya hiyo haizeeki.

Jumapili iliyopita mama yake Solange, sasa mzee wa mkongojo, alinishika mkono mbele ya vijana wangu. « Ni huyu aliombea mutoto yangu mpaka ku mwisho, » akawaambia. « Mumufuate. »

Nilifungua kinywa nimwambie. Vijana wote wakanitazama.

« Asante, mama, » nikasema.