Utitiri Katika Kitunga cha Chatu

Nilipoolewa Kindu, nyumba niliyoingia ilikuwa na mume wangu, mama yake na chatu mmoja. Nilikuwa wa mwisho kufika, kwa hiyo katika hesabu ya mama mkwe nilikuja baada ya chatu.

Mume wangu alibeba mizigo bandarini. Siku za ngoma za chama, zile tulizoziita animasyo, alicheza mbele ya wakubwa akiwa na chatu shingoni. Ilikuwa enzi ya Zaire, chama kilikuwa kimoja, na kila mtaa ulipaswa kucheza. Mitaa mingine ilikuwa na waimbaji hodari. Wetu ulikuwa na chatu. Mume wangu alimwokota akiwa mdogo kwenye matete ya mto Lualaba, na mama yake akamlea kwa panya wa ghalani mpaka akawa mnene kama paja la mtu mzima. Alilala kwenye kitunga kikubwa chenye mfuniko, juu ya mkeka, na beseni la maji pembeni.

Mimi natoka upande wa Kama, kwa wakulima. Kwetu nyoka akionekana huuawa, na akiwa mnene hupikwa. Mama mkwe alilijua hilo, na hakulisahau hata siku moja.

"Kule kwenu munakulaka nyoka," aliniambia juma lile la kwanza, akinitazama mikono na si uso.

"Ndiyo mama, lakini si hii."

"Si hii leo," akasema.

Tangu siku hiyo niliona kijiti cha ufagio kimelazwa juu ya mfuniko wa kitunga. Nilidhani upepo umekileta. Baadaye nikaelewa: aliyefungua angekiangusha bila kujua, na mama mkwe angejua. Nilipofagia nilipita mbali, kama mtu apitaye karibu na polisi.

Basi, chatu akaanza kubadilika. Aliacha panya. Alikuwa analala mkekani, sasa akawa analala ndani ya beseni asubuhi na jioni, pua tu ikiwa nje. Ngozi yake, ambayo iling'aa, ikafifia kama ya mtu aliyepita kwenye majivu. Mama mkwe alipomwaga maji ya beseni, chini palibaki vumbi jeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Alilichukua kwa kidole, akalinusa, akanigeukia.

"Umetia nini mu maji?"

"Sijatia kitu, mama."

"Pilipili inaingia mu maji yenyewe?"

Mume wangu alisimama katikati yetu. Mkuu wa kikundi cha ngoma alikuwa ameshampitia kumwambia kwamba mgeni mkubwa anakuja, na kwamba chatu akikosekana, "sitwayen," yaani raia, kama chama kilivyotaka tuitane, "watu watauliza ni nani hataki ngoma ya chama." Siku zile swali kama hilo lilitosha kumnyima mtu usingizi. Mama mkwe alilipokea swali hilo kama lililotumwa kwangu.

"Hii nyoka ikikufa," alisema, "utarudia kwenu. Na kuku zako utabeba."

Kuku nilikuja nao kutoka nyumbani. Walikuwa mahari niliyojipa mwenyewe. Niliwapenda. Kurudishwa kwa baba yangu pamoja nao, kwa kosa la kuua nyoka wa watu, kulikuwa kitu ambacho sikuweza kukifikiria mpaka mwisho.

Nami nilikuwa na shaka zangu, nisijifanye malaika. Nilimwona mama mkwe kila asubuhi akiinama juu ya kitunga akinong'ona, na nikajiuliza: je, si yeye anayetia kitu, ili apate sababu ya kunifukuza? Nyumba nzima tulikuwa hivyo. Chai ilinywewa baada ya kuona mwenzako amekunywa.

Kilichonisaidia ni kuku. Mtu aliyefuga kuku anajua utitiri: vijidudu vidogo kuliko mbegu ya ufuta, vinavyojificha kwenye nyufa za banda mchana na kumnyonya kuku anayeatamia. Vumbi lile la beseni lilinikumbusha. Nikamwomba mume wangu, mbele ya mama yake ili pasiwe na siri, amtoe chatu na kumlaza juu ya shuka jeupe. Tukangoja. Muda si mrefu, vumbi likaanza kutembea.

Vilikuwa vyeusi, vya mviringo, vikitambaa kutoka chini ya magamba. Nilibana kimoja kwa ukucha. Kikaacha doa la damu. Nikawaonyesha mahali vinapopenda kukaa, na wewe unayefuga nyoka angalia hapo hapo: pembeni ya jicho, penye kijifereji, chini ya kidevu, kwenye mkunjo, na karibu na mkia, penye tundu la choo. Unga mweupe juu ya magamba ni kinyesi chao. Na nyoka analala majini kwa sababu anawashwa, anajaribu kuwazamisha. Wale waliozama ndio pilipili yetu.

Nilidhani nimeokoka. Mama mkwe alikunja shuka polepole.

"Utitiri," alisema. "Na utitiri unatokaka wapi mu hii nyumba? Kwa kuku. Na kuku ni za nani?"

Nilieleza. Wa kuku ni wa kijivu, na huwa mwekundu baada ya kunyonya. Huu ni mweusi. Wa kuku humwendea usiku na mchana hukaa bandani. Huu unashinda juu ya mnyama. Maneno yangu yote yalikuwa ya kweli na hayakusaidia lolote. Kuku walichinjwa, jogoo wa kwanza. Banda likachomwa. Majirani walikula vizuri.

Kuku waliisha, utitiri haukuisha. Juma lililofuata beseni lilikuwa jeusi kuliko mwanzo, na mama mkwe akafikia mwisho wa hoja yake.

"Kama si kuku, basi ni wewe mwenyewe."

Ndipo akaja mchezaji wa nyoka kutoka mji wa Lokandu.

Hapa niwaeleze desturi moja. Wachezaji wa nyoka wa vikundi viwili walipokutana, nyoka wao hawakuletwa mbele ya watu kabla ya kusalimiana. Waliwekwa kwenye kitunga kimoja, wakafunikwa kwa kitenge kimoja, kwetu kikwembe, wakalala pamoja usiku ule ili wajue harufu ya mwenzao wasigombane ngomani. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiwasalimisha, kwa kikwembe chake kizuri, na hata wale waliomsengenya walisema hakuna nyoka aliyewahi kupigana chini ya mkono wake. Wiki chache kabla ya chatu wetu kuugua, alikuwa amesalimiana na nyoka wa mtu huyu wa Lokandu.

Mtu huyo alishuka kwenye mtumbwi, akapanda mpaka kwetu mchana kweupe na kitunga chake kichwani, akakitua katikati ya uwanja kwa nguvu.

"Mama, nyoka yangu imekufa!" alisema. "Ililala hapa kwako, ikarudia nyumbani, ikakufa. Mulinifanyia nini? Watu ya Kindu munaogopa tutacheza kuwashinda?"

"Yako ilikufa, yangu inakufa," mama mkwe akajibu, amesimama. "Na wewe ndiyo wa kulalamika? Pengine wewe njo ulileta mukono mubaya!"

"Mimi? Mimi niliyekuja na zawadi ya samaki?"

"Samaki ilinuka!"

Walikwenda hivyo, na uwanja ukajaa majirani. Mume wangu alijaribu kuwatuliza wote wawili akatukanwa na wote wawili. Mimi nilikitazama kitunga cha mgeni. Kilikuwa kitupu, lakini katika mikunjo ya majani yaliyofumwa niliona weusi ninaoujua. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo, nikauliza:

"Baba, nyoka yako ilianza lini kulala mu maji?"

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyekatizwa. "Zamani! Mbele ya kuja hapa. Mu mutumbwi yote ilitaka maji tu, nikasema ni joto. Sasa maji inaingia namna gani mu maneno yetu?"

Nililileta shuka jeupe, nikakipigapiga kitunga chake juu yake. Vikadondoka, vikatembea. Majirani wa mbele wakarudi nyuma. Mtu wa Lokandu aliangalia shuka, akaangalia kitunga chetu, na nikaona anatembea kichwani mwake njia niliyokwisha kutembea mimi: nyoka wake mgonjwa, kitunga kimoja, kikwembe kimoja, usiku mzima wa salamu.

Mama mkwe naye aliiona njia hiyo, lakini alikuwa na swali moja zaidi.

"Nyie wawili," akasema taratibu, "mulionana wapi mbele ya leo?"

Mtu wa Lokandu akacheka kwanza, bila kutaka. "Mama, na mimi unasema ninapanga na bibi-arusi wako? Nyoka yangu imekufa!"

Siku hiyo hiyo nilipewa chatu nimtibu, kwa sharti kwamba mama mkwe akae kitini karibu nami. Mume wangu alitaka kumpaka petroli ya taa. Jirani akaleta dawa ya unga ya kunguni. Nilikataa vyote viwili. Nyoka hana pa kuikimbia sumu; inayoua utitiri kwa haraka inaweza kumuua na yeye. Tulimlaza kwenye maji ya vuguvugu, kichwa mkononi mwangu, muda wa kutosha wengi kuzama. Tukamfuta. Kisha nikachukua kitambaa chenye mafuta kidogo ya mawese, nikampitisha mwili mzima, taratibu zaidi kando ya macho na chini ya kidevu, maana utitiri ukifunikwa na mafuta unakosa pumzi.

"Maji ya moto, sasa mafuta," alisema mama mkwe kutoka kitini. "Bado chumvi na kitunguu."

Mume wangu alitoka nje acheke. Mimi sikuthubutu.

Kitunga cha zamani tulikichoma pamoja na mkeka. Kikwembe kilichemshwa, kilipoteza rangi, na mama mkwe akakianika mwenyewe. Kwenye kitunga kipya sikuweka mkeka wala nyasi bali karatasi za mifuko ya simenti, kwa sababu karatasi haina mahali pa kujificha na huchomwa kila ikichafuka. Ukuta na sakafu karibu yake tuliosha kwa maji yanayochemka. Na tulirudia yote, maana mayai hayafi majini wala kwa mafuta. Ukiacha baada ya mara ya kwanza, wanaoanguliwa watakurudisha mwanzo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usikate. Kila mara utaona weusi umepungua.

Mgeni mkubwa hakuja, kama ilivyokuwa mara nyingi kwa wageni wa chama. Kikundi kingine kilifika kutoka mbali na nyoka wao, na mwenye nyoka akaomba wasalimishwe.

"Nyoka ya mugeni inalala kwa mugeni," mama mkwe akamwambia. "Ikae mbali mpaka ivue ngozi tukaiona. Na wewe nawa mikono mbele ya kugusa yangu."

"Mama, unanishuku?"

"Ninashuku kila mutu. Nawa."

Chatu alivua ngozi asubuhi moja, nzima kutoka pua hadi mkia, mpaka vifuniko vya macho. Juzi yake alikuwa amekula panya. Mama mkwe aliinua ngozi ile mwangani, akaipitisha vidoleni kipande kwa kipande akitafuta doa jeusi. Nilikuwa nimeshika beseni, nikingoja kama mshtakiwa. Alirudia penye macho mara ya pili. Hakupata kitu, na uso wake ulionyesha kwamba hilo nalo halikumridhisha.

"Mwezi ujao itavua tena," alisema. "Utaosha kitunga wewe, mimi nikiangalia."

Hakuna ampangiaye kazi ya mwezi ujao mtu anayemrudisha kwao. Nilisema ndiyo mama, nikamwaga maji, nikaenda kuchota mengine.