Upanga Uliotoka Mlangoni

Upanga wangu ulinigharimu magunia mawili ya mchele, jogoo mmoja, nauli ya mlango kwenda na kurudi, na bawaba mbili ambazo sikuziagiza. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili jumla imeniuma pale pale. Lakini sijuti hata punje. Waliosema nimechezea mchele wangu wangekuwepo siku ile nyumbani kwa baba, Majimoto, wangeona ng'ombe walivyoinua vichwa.

Nianze na mlango, maana upanga ulitoka humo.

Sisi ni watu wa mifugo. Tulishuka kutoka Usukumani na ng'ombe wetu kidogo kidogo, tunakaa mahali misimu kadhaa, majani yakichoka tunahama. Nyumba tuliziacha, boma tuliliacha, mlango hatukuuacha. Ulikuwa wa mninga, mbao tatu nzito. Baba aliupata kwa kumtoa beberu wake mkubwa wa mbuzi, na alizoea kusema kwamba nyumba unaijenga popote penye udongo, ila mlango kama ule huupati tena. Kwa hiyo kila tulipohama, mlango ulipanda mkokoteni kabla ya mama. Mama alilitaja jambo hilo kila walipogombana.

Nilikuwa na umri wa kama miaka minane fisi alipotuchukulia ndama. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa machungani siku hiyo, amelala. Jioni, wakati anajitetea mbele ya baba, nikaropoka: "Ningekuwepo mimi, asingemchukua."

"Ungempiga na nini?" kaka akaniuliza. "Na mwiko?"

Wakacheka wote. Kwetu mvulana alipewa fimbo, akikua akapewa mkuki. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko kweli, tena una ugali.

Kesho yake nikatafuta msumari, nikapiga magoti mbele ya mlango wa baba, nikachora upanga. Sikuwa nimewahi kuona upanga. Nilikuwa nimesimuliwa tu, na sehemu ambazo sikusimuliwa nilijaza mwenyewe. Bapa lake lilijipinda kama mto. Penye mshikio niliweka pembe mbili za ng'ombe, kulia na kushoto, ili adui akileta mkono zimchome. Karibu na ncha nikatoboa tundu la mviringo. Tundu hilo ndilo nililolionea fahari kuliko vyote: nilitaka upanga ukipungwa, upepo upite hapo, upige mluzi, fisi asikie kabla hajafika.

Nilikuwa bado nachora baba aliponikuta. Alinivuta mkono msumari ukiwa juu ya mbao, na kipigo kilifuata bila maelezo. Alipomaliza, akarudi kuangalia mlango wake. Akaangalia muda mrefu. Baba yangu hakuweza kuacha jambo lolote lipite bila kuligeuza biashara, hata hasara.

"Haya," akasema. "Siku panga hili likitoka mlangoni likawa chuma, kama lilivyo, bila kupungua hata pembe, uje uchague mtamba kwenye zizi langu. Likibaki hapo, usinitajie fisi maisha yako yote."

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Alijua anachocheka. Kwetu binti hakuchagua ng'ombe. Ng'ombe walikuja kwa ajili yake siku ya mahari, wakapita mbele ya macho yake, wakaishia kwa kaka zake.

Miaka ikapita. Mama akatangulia mbele za haki, mimi nikakua, nikaolewa, nikaachika, nikaanza biashara ya mchele. Nilinunua Majimoto wakati wa mavuno, nikauza Mpanda mjini, kwenye kibanda changu Makanyagio. Katika miaka hiyo ya tisini msimu mmoja mpunga ulikubali mpaka watu wakakosa magunia. Nilipomaliza madeni ya watu na kuhesabu kilichobaki, nikahesabu tena, nikajiambia: sasa nakwenda kuchukua ng'ombe wangu.

Mlango wakati huo ulikuwa umestaafu nyumbani, umewekwa kwenye banda la ndama, umefungwa kwa kamba za ngozi. Mchoro wangu ulikuwepo, umeingia vumbi, lakini hata pembe haijapungua. Nikamsalimu baba, nikamwomba mlango.

"Mlango hauazimwi," akasema. "Ndama watajifunika nini?"

"Nakodi basi. Debe la mchele."

"Gunia."

"Baba! Gunia kwa mlango wa ndama?"

"Mpunga wako umekunywa maji ya mto ninaponyweshea ng'ombe wangu. Gunia."

"Madebe mawili. Mimi ni mtoto wako."

"Ndiyo maana sijasema magunia mawili."

Nikatoa gunia. Kule sokoni watu walikuwa wakiniogopa kwa kupatana bei, hawakujua nilikosomea.

Utauliza kwa nini sikuchora upya kwenye karatasi. Ni kwa sababu namjua baba. Karatasi angesema si mlango.

Lori la mpunga lilipofika, utingo akauzunguka mlango mara moja na kutangaza kwamba unalipa nauli.

"Una miguu huo?" nikamuuliza.

"Unakaa nafasi ya mtu, mama. Unalipa kama mtu."

Nikalipa. Kisha nikapanda, nikaukalia. Alipokuja kudai nauli yangu nikamwambia, "Nafasi hii ameshailipa mlango. Mimi nimekaa kwa mlango, sijagusa lori lako." Abiria walimcheka njia nzima ya mbugani mpaka Sitalike, na alipochoka kuchekwa akahamia kwa dereva. Wakati wa kurudi alinitoza wote wawili, tena kabla hatujapanda. Alikuwa mwepesi wa kujifunza.

Fundi chuma niliyemchagua alikuwa jirani pale pale Makanyagio, mtu wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa bei. Alitengeneza majembe na mapanga kwa springi za malori mabovu, akifulia juu ya kipande cha reli. Siku nilipompelekea mlango alikuwa amekwenda msibani. Nikauegemeza ukutani, nikamwambia mke wake, "Akirudi auangalie, nitakuja kumweleza." Nilipokuja, alikuwa ameshauangalia, tena ameshaupigilia bawaba mbili mpya, pana, nzuri, na kuzipaka mafuta.

"Fundi, nani kakuagiza bawaba?"

"Mama, mlango ukiletwa kwa mtu wa chuma unataka nini? Nimeona kamba za ngozi zimeoza, nikakuhurumia."

Bawaba ya juu ilikuwa imekosa pembe ya upanga wangu kwa upana wa kidole. Nilikaa kwanza kwenye gogo. Zilikuwa bawaba nzuri, lazima niseme, na kuzing'oa kungeuumiza mlango. Nikazilipia, na nilipokwisha kuzilipia ndipo nikamwonyesha mchoro.

Akauinamia. Akapitisha kidole kwenye mikunjo.

"Hiki kinakata nini?"

"Hakikati kitu."

"Kinalima?"

"Hakilimi."

"Sasa mimi nitajuaje kimeisha?" Hakuwa anatania. Fundi yule alikuwa na utaratibu wake: jembe halitoki kwake mpaka mwenyewe amelilimia pale uani, panga halitoki mpaka limekata kuni mbele ya macho yake. Kitu ambacho hakijafanya kazi mkononi mwa mteja alikiita chuma tu, na chuma tu hakiuzi. "Siwezi kukupa kitu kisicho na kazi," akasema. "Watu wataniuliza nini hicho."

"Kina kazi," nikasema. "Kinapiga mluzi."

Akanitazama, akatazama tundu, akanitazama tena. Nilimweleza habari za fisi, na baba, na mtamba. Nilipofika kwenye mtamba akaweka nyundo chini.

"Mama, tangu mwanzo ungesema kuna ng'ombe."

Tukapatana gunia la mchele. Alianza na gunia na nusu, mimi nikaanza na madebe matatu, tukakutana pale tulipojua wote tutakutana. Akalaza mlango juu ya magogo mawili na kila alipotoa chuma motoni alikipooza, akakiweka juu ya mchoro, akatazama, akakirudisha motoni. Majirani walipita kuuliza kama siku hizi anafua milango.

Siku ya kwanza ya kujaribu nilishika mshikio kwa mikono miwili, nikasimama katikati ya ua, nikaupunga kwa nguvu zangu zote. Ukafanya *vuu*, kama ufagio. Nikapunga tena. *Vuu.*

"Umepata upanga," nikamwambia fundi. "Hujapata mluzi. Pembe zipo, mikunjo ipo. Kwa baba hilo litatosha, mluzi haukuandikwa mlangoni."

Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kwenda kudai ng'ombe wangu. Yeye ndiye aliyekataa. Akanyoosha mkono kuuchukua. "Uliniambia kazi yake ni mluzi. Bado ni chuma tu." Kisha akasema, bila kunitazama, "Kwa mluzi utaongeza jogoo."

Nikaongeza jogoo. Sikubishana, na hiyo peke yake ingetosha watu wa sokoni wasinitambue.

Alilichonga tundu upya kwa tupa, upande mmoja akaunyoa mpaka ukawa mwembamba kama ukingo wa kikombe cha bati, upande wa pili akauacha mnene. Akaniita. Nikapunga. Ukatoka mluzi mwembamba, mrefu, wa chini kuliko nilivyouwaza nikiwa mtoto, na mbwa wa jirani aliyekuwa amelala kivulini akasimama. Fundi akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Sasa umeisha," akasema. "Chukua."

Nilifika Majimoto na mlango na upanga wangu, nimeufunga kwenye kanga. Baba alikuwa amekaa nje na kaka, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya kuamuru, ndiye anayeangalia zizi. Wanakijiji wengine wawili watatu walikuwepo, maana mlango ukishushwa kwenye lori watu hufuata kuona.

"Baba, panga limetoka mlangoni," nikasema.

Baba akaupokea. Aliufungua ule mzigo polepole, akausimika upanga, akaupima kwa macho. Kisha akaamuru mlango ulazwe chini, akauweka upanga juu ya mchoro wake. Akainama. Alianza kwenye ncha, akafuata mkunjo kwa mkunjo kwa kucha ya kidole gumba. Tundu juu ya tundu. Pembe ya kulia. Pembe ya kushoto. Mimi nilisimama hapo nikihesabu pamoja naye. Mtu ambaye aliuza ng'ombe akihesabu mpaka kwato asingeniachia kitu.

Kaka ndiye aliyeona kwanza. "Na huu?" akasema.

Kutoka kwenye mshikio ulitoka mstari mmoja mrefu, umepinda, unashuka mpaka ukingo wa mlango. Kwenye chuma haukuwepo. Fundi aliniuliza habari zake, nikamwambia auache.

"Alisema kama lilivyo, bila kupungua," kaka akaendelea, na alikuwa anafurahi. "Hapa pamepungua. Mkia wa panga uko wapi?"

Baba akanyanyua macho kwangu. "Na huu?"

"Huo si wangu, baba," nikasema. "Huo uliuchora wewe. Siku uliponivuta mkono."

Baba akautazama ule mstari, akauweka kidole mwanzoni pale penye mshikio, akaufuata mpaka ulipoishia ukingoni. Akarudia. Alipoinuka, mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka.

Alikuwa anacheka. Akauchukua upanga, akasogea penye nafasi, akaupunga mara moja, kwa mkono wa mtu aliyeshika mkuki tangu ujana. Mluzi ule ulipita juu ya boma. Zizini ng'ombe wakaacha kucheua, wakainua vichwa, wote kwa pamoja, wakatutazama. Baba akasimama nao wakitazamana. Sijamwona akisimama vile mbele ya kitu kilichotengenezwa na mtoto wake, hata kaka aliposhinda kesi ya malisho.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, neno ambalo kwa kawaida aliliweka kwa wanaume. "Nenda ukachague." Kisha akawageukia wengine, kaka akiwa mbele yao. "Nyie mmesikia. Ni wake. Amelipia hata mlango wangu."

Nilichagua mtamba mwekundu mwenye sikio moja jeupe. Nilimzunguka mara mbili kabla ya kusema huyu. Baba akasema abaki zizini, kwa sababu Makanyagio ningemlisha nini, mchele? Nikakubali. Hilo ndilo kosa pekee la hesabu katika biashara yote hii.

Baba hayupo tena. Upanga uko ukutani kwangu, na wateja wakiuliza nawapigia mluzi bure. Mtamba wangu alizaa, wanawe wakazaa, na kaka, anayeshika zizi, anasema niliahidiwa mtamba mmoja, mtamba mmoja alizeeka akafa, kwa hiyo hatudaiani. Mimi nimehesabu wenye sikio jeupe mara mbili kwa macho yangu, na si mmoja.

Basi nyie mnaojua mambo ya mifugo, nishaurini: uzao wa ng'ombe aliyepatikana kwa haki mbele ya watu ni wa nani, wa aliyempata au wa aliyemchunga? Nami nitakuwa muungwana, ujira wa kuchunga nitautoa. Na wewe kaka, wakati tunasubiri jibu, ule mlango bado unaning'inia kwenye banda lako kwa bawaba zangu mbili. Anza kwa kunilipa hizo.